DUKA LISILO NA MLANGO

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, hebu inamisha kichwa uvitazame viatu vyako. Je, vinang'aa? Kama wewe ni mwanafunzi mwenzangu, sina shaka kwamba leo asubuhi kwenye gwaride ulikipangusa kimoja nyuma ya mguu wa pili ili mwalimu wa zamu asikuite mbele. Usione haya, hata mimi nimefanya hivyo mara nyingi. Lakini tangu likizo ya Agosti mwaka jana, siwezi kukitazama kiatu bila kumkumbuka mtu aliyekiinamia.

Katika makala haya nataka kueleza habari za watu wanaotoa huduma ndogo ndogo kando ya barabara za jiji la Nairobi: wapiga viatu rangi, washona viatu, mafundi wa saa, wachonga funguo na wenzao. Wengi wetu hupita mbele yao kila siku bila kuwaona. Tukiwaona, tunawachukulia kuwa watu waliokosa kazi ya maana wakaamua kujikalia tu. La hasha! Nilikaa nao wiki tatu, na nilichokikuta ni biashara kamili, yenye ujuzi wake, kanuni zake na mtaji wake. Tena mtaji wenyewe si ule unaoudhania.

Nilivyofika huko

Mjomba wangu ni fundi wa viatu. Ana sanduku la mbao, kiti kirefu cha wateja, mwavuli mkubwa, na kona moja katikati ya jiji ambayo sitaitaja kwa jina. Kazi hii ameifanya tangu mwaka 2004. Kwa hiyo kazi amewasomesha wanawe wawili, na tangu baba alipoaga dunia, yeye ndiye anayemsaidia mama kunilipia karo.

Likizo ilipofika, mama aliniita jikoni akaniambia, "Nenda mjini ukamsaidie mjomba wako. Karo yako ya muhula wa tatu iko ndani ya lile sanduku lake. Ukitaka itoke, nenda mkaitoe pamoja."

Kusema kweli, sikufurahi. Shuleni nilikuwa nimewaambia marafiki zangu kwamba mjomba wangu "anafanya biashara ya bidhaa za ngozi mjini." Haukuwa uongo, lakini haukuwa ukweli pia.

Siku yangu ya pili pale, majira ya saa nne asubuhi, nilimwona mwanafunzi wa darasa letu akija na babake. Moyo ulinienda mbio. Nilichukua gazeti ambalo wateja husoma wakiwa juu ya kiti, nikalifungua na kujifunika uso mpaka wakapita. Mjomba hakusema neno. Jioni, tukiwa ndani ya matatu ya kurudi Kayole, ndipo aliponigeukia akanena kwa upole, "Mwanangu, ile gazeti ya asubuhi ulikuwa umeisoma kichwa chini, miguu juu."

Watu wote waliokuwa karibu walicheka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ndipo nilipoamua kwamba kama ni lazima nikae pale, basi heri nikae nikijifunza. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Ni huduma gani hizi?

Anzia kwenye Jengo la Nyaraka za Taifa, uvuke barabara ya Tom Mboya ukielekea River Road, kisha utembee polepole bila haraka ya kushika matatu. Utawaona.

Utamwona fundi wa saa na kimeza chake cha kioo, amebana lenzi kwenye jicho moja, akibadilisha betri au mkanda. Utamwona mchonga funguo: anabana ufunguo wako pamoja na ufunguo mpya usio na meno, kisha anachonga kwa tupa huku akilinganisha, na kabla hujamaliza kikombe cha chai, kazi imekwisha. Utamwona fundi wa cherehani aliyekalia kiti chake kando ya ukuta, anayebadilisha zipu na kupunguza urefu wa suruali ukingoja. Utamwona mama wa uji na chai, chupa zake zimepangwa ndani ya ndoo. Utamwona hata mwenye mizani, ambaye mali yake yote ni ile mizani: unapanda, unajua uzito wako, unalipa, unashuka ukiwa umefurahi au umenuna.

Ukienda upande wa Luthuli Avenue, utakuta mafundi wa simu. Hawa ni wageni katika ukoo huu, kwa maana hawakuwapo wakati wa babu zetu. Halikadhalika mawakala wa kutuma pesa kwa simu, ambao walianza kuonekana baada ya M-Pesa kuzinduliwa mwezi wa Machi mwaka 2007.

Wengine nao wametoweka au wanaelekea kutoweka. Mjomba alinieleza kwamba alipoanza kazi palikuwa na wapiga chapa waliokaa na taipureta zao wakiwaandikia watu barua za kuomba kazi. Kompyuta ziliwamaliza. Wapiga picha wa bustanini nao wamepungukiwa sana na wateja, kwa kuwa siku hizi kila mtu ana kamera ndani ya simu yake.

Je, kazi hizi zote zinafanana kwa nini? Nilijiuliza swali hili siku nyingi. Jibu nililolipata ni hili: kila moja hukusaidia na jambo lililokupata ukiwa njiani. Soli imebanduka, na saa tano una mahojiano ya kazi. Zipu imekwama. Saa imesimama. Simu imezima. Huwezi kurudi nyumbani, na duka kubwa litakuambia urudi Alhamisi. Unamtaka mtu aliye karibu, atakayemaliza sasa hivi, kwa bei unayoiweza. Bila mtu huyo siku yako imeharibika.

Kazi yenyewe

Kabla ya likizo ile niliamini kwamba kupiga kiatu rangi ni jambo la mtoto yeyote mwenye brashi. Nilipokabidhiwa kiatu changu cha kwanza, mteja alitazama chini akauliza, "Kijana, unanipaka mimi ama unapaka kiatu?" Soksi yake nyeupe ilikuwa imeingia doa jeusi. Mjomba aliomba radhi, akamfanyia kazi bure.

Baada ya hapo nilifundishwa upya kutoka mwanzo. Kwanza unatoa kamba, au kama mteja ana haraka unazifunga vizuri ndani. Kisha unachomeka vipande viwili vya plastiki ngumu kati ya soksi na kiatu ili soksi isipakwe. Halafu unaondoa vumbi kwa brashi kavu, unaosha matope kwa kitambaa chenye maji kidogo, na unangoja kikauke. Hapa ndipo wengi hukosea. Rangi ikipakwa juu ya unyevu hung'aa kwa muda wa nusu saa, kisha hufifia na kuacha madoa. Kiatu kikikauka, unapaka kiwi kidogo kidogo kwa kitambaa ulichokizungusha kwenye vidole viwili, ukizungusha mkono kama anayeandika herufi o. Ndipo brashi laini ifuate, na mwishowe kitambaa kirefu kinachovutwa huku na huku mpaka kilie. Kikilia, mteja hutabasamu, maana anajua kimekubali.

Kushona ni elimu nyingine. Chombo kikuu cha mshona viatu huitwa msharasi, yaani kile chuma chenye ncha kali cha kutobolea ngozi. Wa mjomba una kijino mwishoni kama ndoano. Huutoboza kutoka nje, huuvisha uzi kwa mkono ulio ndani ya kiatu, kisha huuvuta nje pamoja na uzi na kuufunga kwa uzi wa pili. Uzi wenyewe ni wa nailoni, na hupakwa nta ili usinywe maji ukaoza. Mjomba hushona bila kuutazama mkono wake wa ndani. Mimi nilipojaribu nilijidunga vidole mara tatu.

Na gundi? Gundi, ndugu msomaji, inataka subira. Unasugua sehemu zote mbili kwa msasa, unapaka gundi juu na chini, kisha unaacha. Mteja akikuharakisha, unamchekesha, unampa gazeti, lakini hubandiki. Gundi ikiacha kunata kwenye kidole ndipo unabandika kwa nguvu na kugonga kwa nyundo juu ya kile chuma cha miguu mitatu. Fundi asiyekuwa na subira hubandika papo hapo, na kesho yake kiatu hufungua kinywa kama mamba.

Hakuna kinachotupwa. Tairi kuukuu la gari huwa kisigino. Kiatu kisichoweza kupona hukatwa na kuwa viraka vya kuponyea vingine.

Mtaji ambao hauonekani

Jumatano moja niliamua kuhesabu. Tulipata wateja 23. Kumi na watano walitaka rangi, kwa shilingi 50 kila mmoja, hiyo ni shilingi 750. Wanane walitaka kushonewa, kubandikiwa au kubadilishiwa visigino, na hao walileta shilingi 900. Jumla shilingi 1,650. Nikafurahi, nikadhani tumetajirika.

"Hesabu ingine bado," mjomba akaniambia. Kiwi, gundi na uzi, shilingi 250. Kulaza sanduku na kiti katika stoo usiku, 50. Nauli ya kuja na kurudi, 160. Chakula cha mchana, 120. Tukabaki na 1,070. Katika hizo kuna kodi ya nyumba, chakula cha jamaa yake, na karo yangu. Tena hiyo ilikuwa siku nzuri. Mvua ikinyesha kutwa, hakuna anayepanda kiti. Ikinyesha usiku na asubuhi jua likatoka, basi matope yote ya jiji ni neema.

Pesa nyingi, nilivyoona, huingia kwa vipindi vitatu: saa moja hadi saa tatu asubuhi watu wanapokwenda kazini, saa saba mchana wanapotoka kula, na saa kumi na moja jioni wanaporudi kwao. Kati ya vipindi hivyo fundi hushona vile viatu vilivyoachwa.

Na hapa ndipo kitendawili kilipo. Watu huacha viatu vyao kwa mjomba, wakavaa patipati za kuazimwa, na kwenda zao. Wengine huviacha siku mbili, tatu. Hakuna risiti. Hakuna mlango wa kufungwa, hakuna jina limeandikwa mahali. Mtu angeweza kuamka kesho asimwone tena. Mbona wanamwamini?

Nilimwuliza. Alicheka, akanionyesha kiatu kimoja. "Huyu ni mwalimu. Angalia kisigino: kimeisha upande wa nje, kulia zaidi. Anabeba begi nzito na hiyo mkono." Akachukua kingine. "Huyu ni dereva. Soli imeisha hapa tu, mahali pa kukanyagia mafuta." Majina ya wateja wake wengi hayajui, lakini viatu vyao anavijua kama mchungaji anavyowajua ng'ombe wake. Nao hawalijui jina lake. Humwita "fundi" basi. Wanachokijua ni kona. Kila siku wakipita pale, yupo. Jana alikuwapo, juzi alikuwapo, mwaka juzi alikuwapo.

Kwa hivyo mtaji wa mjomba si lile sanduku. Sanduku lenyewe ukiliuza, hutapata pesa za kununua ng'ombe. Mtaji wake ni mahali, pamoja na uaminifu uliojengeka juu ya mahali hapo kwa muda wa miaka mingi. Nililielewa jambo hili vizuri zaidi wiki iliyofuata, lakini kwa uchungu.

Siku tulipohamishwa

Kona yetu ilikuwa chini ya ukuta wa jengo fulani. Kwa miaka mingi mwenye jengo hakuwa na neno. Mjomba alikuwa akifagia pale kila asubuhi, na kiti alikiegemeza ukutani ili watu wawili wenye mizigo waweze kupishana bila kugusana. Hiyo ilikuwa sheria yake. Alikuwa akisema, "Barabara ni ya anayetembea. Mimi nimeazima tu."

Jumatatu moja tulipofika, tulimkuta mtu mwenye karatasi mkononi. Alitueleza kwa adabu kwamba jengo linapakwa rangi na kuwekwa vyuma mbele, na kwamba hakuna mtu atakayekaa pale tena. Si wiki hii, si mwezi ujao. Tulipewa mpaka saa sita. Mjomba hakubishana. Alimshukuru yule mtu, akakunja mwavuli, tukabeba kiti na sanduku hadi uchochoro ulio nyuma, karibu na mama wa uji. Niliupima umbali kwa miguu yangu: hatua 210.

Hatua 210 tu! Nilidhani hakuna lililoharibika. Fundi ni yule yule, brashi ni zile zile. Siku hiyo tulipata wateja watano, shilingi 300. Ukiondoa stoo, nauli na chakula, ambavyo ni shilingi 330, tulikuwa na hasara ya shilingi 30 kabla hata hatujanunua gundi. Siku ya pili walikuwa wanne. Wateja hawakuwa wametukasirikia. Walipita kwenye kona, wakaona hatupo, wakaenda zao. Mtu mwenye haraka hamtafuti fundi, fundi ndiye anayepaswa kuwa njiani.

Jambo lililomsumbua mjomba zaidi lilikuwa jozi 17 za viatu vya watu zilizokuwa ndani ya sanduku. Wenyewe wangerudi kwenye kona wakute ukuta mtupu. Wangesema nini? Ndipo akaanza desturi ambayo sitaisahau. Kila siku saa kumi na moja jioni, aliniacha kwenye uchochoro, akavitia vile viatu ndani ya gunia, akaenda kusimama kwenye kona ya zamani. Alisimama tu, gunia miguuni, mpaka saa moja usiku. Kama kulikuwa na mvua, alisimama na mwavuli.

Siku ya kwanza walikuja wanne. Mwanamke mmoja alimtazama, akatazama ukuta, akasema, "Fundi, mimi nilijua nimeibiwa. Nilikuwa nakutukana njia yote." Akalipa, akacheka, akauliza, "Sasa uko wapi siku hizi?" Mjomba akamwonyesha kwa kidole. Siku ya pili walikuja watatu. Muuza magazeti alianza kuwaelekeza watu. Soja wa lile lile jengo tulilofukuzwa, naye akawa anasema kwa sauti ya chini, "Fundi yuko nyuma pale, kwa mama wa uji."

Mjomba alisimama jioni 11. Jozi 16 zilichukuliwa. Jozi moja haijachukuliwa hadi leo, na imo sandukuni, imepigwa rangi.

Ilinichukua muda kufahamu alichokuwa akikifanya. Mimi nilidhani anarudisha viatu. Kumbe alikuwa akilihamisha duka lake, mteja mmoja mmoja, kwa miguu, kutoka kona ile hadi uchochoro huu. Hata hivyo wale waliokuwa wakipita tu, wasiokuwa na viatu ndani ya gunia, wengi wao walipotea.

Shule zilifunguliwa karo yangu ikiwa haijatimia. Nilikaa nyumbani siku tisa. Wenzangu mliniuliza nilikuwa wapi, nami nikawajibu kwamba nilikuwa mgonjwa. Leo nawaambia ukweli: nilikuwa nikingoja watu waizoee njia ya uchochoroni.

Si jambo jipya

Yaliyompata mjomba yamewapata wengi kabla yake. Nairobi yenyewe ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na tangu ilipoanza kuwa mji, palikuwa na watu waliotafuta riziki barabarani na watu waliotaka barabara ziwe wazi. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti mashuhuri kuhusu ajira nchini Kenya. Ripoti hiyo ilisema kwamba mafundi na wachuuzi hawa si mzigo, bali wanazalisha mali na ajira, na kwamba yafaa wasaidiwe badala ya kufukuzwafukuzwa. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji waliokuwa wakifanya kazi kwenye jua kali, akaagiza wajengewe vibanda. Jina "jua kali" likapata heshima, na mwaka 1992 serikali ikachapisha waraka maalum wa sera kuhusu biashara ndogo na jua kali. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria kuhusu biashara ndogo na zile ndogo zaidi.

Tena watu hawa si wachache. Kulingana na takwimu za serikali, mwaka 2023 Kenya ilikuwa na watu wapatao milioni 20 walioajiriwa au kujiajiri nje ya kilimo kidogo cha nyumbani, na karibu milioni 16.7 kati yao walikuwa katika sekta hii isiyo rasmi. Yaani ukiwapanga wafanyakazi kumi, wanane ni wa jua kali. Mjomba wangu ni mmoja wao.

Mbona basi matatizo hayaishi? Nionavyo mimi, ni kwa sababu wanaopanga huhesabu vibanda lakini hawahesabu njia. Mfano ni soko la Muthurwa, lililofunguliwa mwaka 2008 ili wachuuzi waondoke katikati ya jiji. Wengi walikwenda, na wengi wakarudi barabarani. Watu waliwalaumu kwamba ni wakaidi. Muuza mboga anaweza kufuatwa sokoni, kwa sababu anayetaka mboga ameondoka nyumbani akijua anataka mboga. Lakini ni nani anayeondoka nyumbani akijua kwamba kisigino chake kitang'oka saa tatu na nusu? Huduma ya njiani haina budi kukaa njiani.

Sisemi kwamba kila mtu akae anapotaka. Mgala muue na haki yake mpe. Wapo wanaotandaza bidhaa mpaka mama mwenye mtoto mgongoni au mtu wa kiti cha magurudumu akalazimika kushuka barabarani penye magari. Hilo ni kosa, na mjomba mwenyewe hulikemea. Lakini fundi mmoja, na kiti kimoja kilichoegemea ukuta, huchukua nafasi isiyozidi mlango wa nyumba. Wapewe mahali panapojulikana, kando ya njia za watu, wawekewe alama, walipe ada, wafagie. Na ikibidi wahamishwe, basi waambiwe mapema, siyo asubuhi kwa ajili ya saa sita, na pale walipokuwa pabandikwe kibao cha kuonyesha walikokwenda. Kibao tu! Kibao kingemwokolea mjomba wangu jioni 11, nami kingeniokolea siku tisa za masomo.

Neno la mwisho

Mwanafunzi mwenzangu, ukifika mjini, mtazame anayekuinamia. Mwamkie kabla ya kupanda kiti. Usimwambie "harakisha" wakati gundi haijakauka. Ukiacha viatu, rudi uvichukue, maana vinapolala pale yeye ndiye anayevilinda. Na kama mzazi wako au mjomba wako anafanya kazi kama hii, usimfiche nyuma ya gazeti. Mchumia juani hulia kivulini, na kivuli ninachokalia mimi, yaani dawati langu, kilichumwa juani na mtu mwenye brashi.

Mjomba bado yuko kwenye uchochoro, karibu na mama wa uji. Sasa wateja wanafika 15 kwa siku nzuri. Likizo ijayo nitakwenda tena, na safari hii sitangoja kutumwa. Ukipita pale ukaniona, usipite kando. Panda kiti, nikupige viatu rangi. Soksi yako nitaichunga.